Vitz ya Mtaliano yenye kilomita kidogo, au ya Nakuru iliyokimbizwa? Natafuta gari ya kubebea keki, Malindi

MpishiWaMambrui

Assalaam alaikum jamaa.

Mie naoka keki Mambrui, na oda zangu nyingi ni za Malindi mjini na Watamu. Mpaka sasa nategemea tuktuk. Keki ya harusi ya ghorofa tatu ndani ya tuktuk, juu ya daraja la Sabaki, kusi inakupiga ubavuni, hapo ni kuikumbatia na kusoma dua tu. Mume wangu amekubali tutafute gari ndogo. Leseni ninayo.

Nimepata mbili, zote Toyota Vitz, injini ya 1000, otomatiki.

Ya kwanza iko huku huku. Mwenyewe ni Mtaliano mwenye nyumba ufuoni, upande wa Silversand. Huja Desemba, huondoka Machi. Mita inasoma 41,000. Ndani safi, viti kama havijakaliwa, rangi inang'aa. Anayeiuza ni mtunza nyumba wake, anataka 620,000.

Ya pili ni ya mwalimu mmoja Nakuru, shemeji yangu anamjua. Kilomita 148,000, mlango wa nyuma una mkwaruzo, kiti cha dereva kimechakaa upande mmoja. Anasema 540,000, lakini niifuate mwenyewe.

Nyumbani wote wanasema chukua ya Mtaliano, haijatumika hiyo. Moyo wangu nao uko huko. Kama kuna jambo silioni, niambieni kabla sijatoa pesa.

Dogo_KwaNdomo

Ya Mtaliano, ufumbe macho. 41,000 hiyo ni gari mpya. Wazungu wanatunza gari. Ya Nakuru itakuzimikia Gede na keki za watu ndani.

FundiBodi_Barani

Bibie, huyo anakwambia ufumbe macho. Mie nakwambia yafumbue, kisha ukalale chini ya hiyo gari.

Nimegonga mabati ya gari Malindi tangu enzi za Datsun. Mie ni fundi wa bodi, injini siigusi, kwa hivyo nitasema la upande wangu tu. Lakini kwa gari za huku la upande wangu ndilo huamua.

Hiyo injini ya 1000 ni silinda tatu, ya cheni, si ya mkanda. Ukiwa mwaminifu wa kubadilisha oili itakwenda sana. Hata ikifa, Mombasa kuna injini za mtumba kutoka Japani, unafunga nyingine na maisha yanaendelea. Bodi ndiyo haina pa kukimbilia. Gari ndogo kama hii haina chesisi ya kando kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ikioza, kilichooza ndicho kinachoshika magurudumu.

Sasa tuje kwenye mita. Mita inahesabu gari ikitembea. Chumvi haingoji gari itembee. Hiyo ya Mtaliano inasimama zaidi ya nusu ya mwaka hatua chache kutoka majini, na ndiyo miezi ya kusi, upepo unatoka baharini mchana kutwa. Usiku inalala na umande wa chumvi. Haipati joto la injini wala upepo wa barabarani wa kuikausha, na mvua ikinyesha huosha juu tu, tumboni haifiki. Ile ya Nakuru imekimbia, sikatai, lakini imekimbia mita 1,800 na zaidi juu ya bahari. Mkwaruzo wa mlango ni kazi yangu ya nusu siku.

Nenda uitazame mchana. Vaa dera la zamani, chukua tochi na bisibisi bapa. Chini ya mlango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, kuna ukingo wa bati uliobanwa maradufu, una vijialama viwili vya kuwekea jeki. Weka ncha ya bisibisi hapo na ubonyeze. Usigonge, bonyeza kwa nguvu za mkono tu. Bati zima linakusukuma. Bati lililooza linaitika, bisibisi inazama, na zinakudondokea takataka za kahawia zilizoachana tabaka kama chapati ya ajemi. Fanya hivyo pande zote mbili, mbele na nyuma. Mwenye gari akikuzuia, jibu umeshalipata na dera halijachafuka.

Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi, inanuka lami, uliza inafunika nini. Rangi hiyo naijua, watu huniletea gari niipake wiki ya kuuza.

Kisha fungua boneti, tazama pale juu shokamzoba za mbele zinaposhika bodi. Rangi ikiwa imefura malengelenge, achana nayo. Nyuma, inua zulia la buti, toa tairi ya spea, angalia lile shimo lake kama kuna maji au kutu. Milango nayo ina matundu madogo kwa chini ya kutolea maji. Kule Silversand matundu hayo huzibwa na majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, maji yanakaa humo na mlango unaoza kutoka ndani, nje bado unang'aa. Fungua mlango na uufunge kwa kasi. Ukisikia maji yanacheza ndani, umeelewa.

Na mabomba ya breki, ya chuma, yanapita chini kwenda nyuma. Yakiwa na vipele vya kutu, hayo ni ya kubadilishwa kabla hujaitia keki wala mtoto.

Tairi pia. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara cha mviringo. Zikisomeka 1814, basi tairi ilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2014. Gari isiyotembea meno ya tairi yake huwa mazima, mnunuzi anafurahi, kumbe mpira umeshakauka.

Dogo_KwaNdomo

Ami, unamtisha dada wa watu. Basi gari zote za Malindi zimeoza? Mie nina Nissan March hapa miaka sita, haina kutu hata ya kutafuta.

FundiBodi_Barani

Inalala wapi?

Dogo_KwaNdomo

Nyumbani, ndani ya ua.

FundiBodi_Barani

Kwa Ndomo, ndani ya ua, nyuma ya nyumba za watu na minazi. Na unaiendesha kila siku. Mwanangu, tumesema kitu kimoja.

PundaHanaKutu

Mie wa Lamu. Sisi gari zetu tunaziacha Mokowe, tunavuka kwa boti, na hapo gatini chumvi inakula kama imealikwa. Probox yangu nimeibadilishia mbavu zote mbili, yaani hayo mabati ya chini ya milango. Sikiliza fundi. Nyongeza yangu: usidhani gari iliyotoka Japani juzi ndiyo salama moja kwa moja. Kule sehemu za theluji, Hokkaido na kaskazini, wanamwaga chumvi barabarani iyeyushe barafu. Gari inakuja na kutu yake tayari, wewe unaileta baharini kuimalizia.

Karani_Mtwapa

Naona kila mtu yuko chini ya gari. Mie narudi juu kwenye karatasi, maana hapo kwa Mtaliano kuna jambo limenikaa vibaya. Anauza mtunza nyumba. Dadangu, siku hizi logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, haihamishwi kwa kutia sahihi kwenye fomu mkiwa mkahawani. Mwenye gari mwenyewe ndiye anayeanzisha uhamisho kupitia akaunti yake ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wewe unakubali kwa yako. Yuko Italia? Basi mpigieni simu mukiwa pamoja, afanye kabla pesa haijatoka. Na wageni wengi wa huko hununua mali kwa jina la kampuni. Ikiwa logibuku ni ya kampuni, mkurugenzi ndiye mwenye kauli, hata huyo Mtaliano peke yake huenda asitoshe.

Gari yoyote kati ya hizo mbili, lipia kwanza rekodi yake ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone jina la nani limeandikwa. Ukikuta jina la mtu pamoja na la kampuni ya mikopo, gari hiyo imewekwa rehani. Mwalimu naye ni binadamu, usimwachie kwa sababu ni rafiki wa shemeji.

Mwisho, bima. Theadi pati, ile ya kufidia watu wengine utakaowaumiza, ni lazima kisheria, bila hiyo usiiguse barabara. Lakini mwambie wakala wazi kwamba utabeba keki za kuuza. Bima ya gari ya matumizi binafsi na ya gari ya kubebea bidhaa ni mbili, na kampuni hukumbuka tofauti hiyo siku ya kudai.

MpishiWaMambrui

Shukran sana nyote. Jana alasiri nilikwenda Silversand na shemeji.

Sikuhitaji hata kubonyeza sana. Upande wa dereva bati lilishika. Upande wa abiria, nyuma, bisibisi ilizama mpaka nusu. Mtunza nyumba akasema hiyo ni gamba la rangi tu, nikamwonyesha gamba lenyewe mkononi, lina unene wa shilingi kumi. Matundu ya mlango kweli yamejaa mvinje. Tairi nne zote ni za 2013, ndani ya nyufa unaingiza ukucha. Akateremsha mpaka 500,000 tukiwa bado tumesimama pale, ndipo shemeji akanivuta mkono tukaondoka.

Rekodi ya Nakuru tumeitazama, ni jina la mwalimu peke yake. Shemeji atatuma fundi wa huko kwanza, akisema iko sawa tutaifuata. Sasa ami fundi, nikishaileta hapa nifanye nini isije ikawa kama ile?

FundiBodi_Barani

Alhamdulillahi.

Safari ni zaidi ya kilomita 700, kwa hivyo huko Nakuru wabadilishe oili ya injini na waangalie oili ya giaboksi. Kama ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, itiwe oili ya CVT, mtu asikubabaishe kwamba oili zote nyekundu ni sawa. Hilo nimeambiwa na mafundi wa injini, nakufikishia tu.

Ikifika, niletee kabla haijapata msimu wake wa kwanza wa kusi. Nitazibua matundu na kuitia nta ndani ya mbavu na milango. Chini nitapaka grisi, si oili chafu ya injini. Wapo wanaopuliza oili chafu kwa sababu ni bure, lakini inalainisha bushi zote za mpira, kisha gari inaanza kugonga kila tuta.

Kuosha sasa. Hapa ndipo watu wa Mambrui mnapojimaliza. Maji ya visima vyenu yana chumvi, mnayajua kwa chai. Unaosha gari kila Ijumaa kwa maji hayo ukidhani unaitunza. Afadhali iache na vumbi. Osha kwa maji ya mfereji, yale ya Baricho, au ya mvua, na ulenge tumboni zaidi ya juu.

Banda liwe la makuti, wazi pande zote. Turubai la plastiki linafungia unyevu ndani, gari inachemka nalo mchana kutwa. Na hata kama hakuna oda, izungushe mpaka Gongoni na kurudi, ila usiegeshe karibu na mashamba ya chumvi ukaenda kupiga soga.

Nta na kazi ni 6,500. Mkwaruzo wa mlango tutazungumza nikiuona.