Kapu la Krismasi 285,000, nusu yake karatasi! Hivi hizi supamaketi za Dar zinatuonaje?

Wakuu, heri ya sikukuu. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la mapishi. Hapa hakuna mapishi, kuna watu wanapigwa mchana kweupe halafu wanafungiwa utepe mwekundu juu.

Familia yetu ina utaratibu wa kuchangishana kila Desemba kwa ajili ya Mama, anaishi Mbagala. Siku zote hela inakaa kwa dada mkubwa, anaingia Kariakoo, anapita Shekilango kwenye kuku, Mama anapata mchele, mafuta, sukari, kuku wazima wanaolia, na chenji anapewa mkononi. Mwaka huu wifi yangu akaleta hoja kwenye grupu kwamba safari hii tumpe Mama "kitu cha heshima". Akaweka picha: kapu kubwa, nailoni inayong'aa, utepe, shingo ya chupa inachungulia. Kaka akaunga mkono (angefanyaje?), wadogo wakamwaga makopakopa. Mimi nikaandika kwamba hilo ni pambo, tununue chakula. Nikajibiwa nina roho ya kwa nini. Basi hela ikaenda kwenye supamaketi moja ya upande wa Masaki. Jina silitaji, sina hela ya wakili.

Kapu 285,000. Nje ya kapu akaongezwa kuku wa kuganda, "maalum kwa sikukuu", ameshatiwa viungo, 46,000. Jumla 331,000 taslimu. Sasa njooni tulifungue.

Ukichana nailoni unakutana na karatasi zilizokatwa nyembamba kama tambi. Unatoa, zipo. Unatoa tena, bado zipo. Mama wa watu alikuwa anazitoa taratibu na kuzipanga pembeni, anaogopa kuvunja kitu kilichofichwa humo. Hakuna kilichofichwa. Chini kabisa kuna boksi tupu limefunikwa kifudifudi, kazi yake kuinua vitu ili kapu lionekane limefurika. Mtoto wa kaka akazivaa zile karatasi kichwani akawa anacheza, na kwa kweli yeye ndiye pekee aliyefaidi.

Vilivyobaki mezani: mkebe wa biskuti za siagi, chupa ya juisi ya zabibu yenye gesi, boksi la chokoleti, kichupa cha korosho, asali, jamu mbili za matunda ambayo Mama hayajui, boksi la majani ya chai, kilo moja ya mchele iliyoshonewa kitambaa cha gunia, na vichupa vinne vya viungo vya pilau. Basi. Mama akauliza, "Na mafuta ya kupikia yako wapi?" Wifi akajifanya anapokea simu.

Mimi huwa siachi kitu kipite hivi hivi. Nikaenda duka lile lile nikapita rafu kwa rafu na simu mkononi. Biskuti 32,000. Juisi 24,000. Chokoleti 38,000. Korosho 18,500. Asali 15,000. Jamu 9,500 kila moja. Chai 7,000, mchele 8,000, viungo vyote vinne 10,000. Jumlisheni wenyewe, inakuja 171,500. Na hiyo ni bei yao wao, palepale, bei ambayo tayari ina faida yao na kiyoyozi chao. Kwa hiyo 113,500 zilizobaki tumenunua nini? Nailoni, utepe, boksi tupu na kapu. Na kapu lenyewe ni la plastiki iliyofumwa kuiga ukindu! Nchi hii akina mama wanasuka vikapu vya ukindu na milulu mpaka vinapelekwa Ulaya, halafu sisi tunauziwa plastiki inayoigiza kikapu chetu.

Nawasikia wale wataalamu wa "mkuu hujui biashara, kuna kodi". Najua, tena tuipige hesabu. Bidhaa iliyokamilika kutoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida inalipa ushuru wa forodha asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna kundi la asilimia 35 ambalo ndani yake zimo nyama, bidhaa za maziwa na peremende. Juu ya hapo inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo inapigwa kwenye bei pamoja na ushuru wake. Kitu kilichofika bandarini kwa shilingi 10,000, kikiwa kwenye kundi la 35 kinakuwa 13,500, VAT ikikaa juu kinafika 15,930, na hapo hujaweka tozo nyingine, usafiri, pango wala faida. Kwa hiyo chokoleti ya Ulaya kuwa ghali naelewa. Sina ugomvi na chokoleti.

Korosho je? Korosho zimepita forodha ipi, ya Mkuranga?

Hapa ndipo damu inapochemka. Kichupa kile kina gramu 150. Kwa 18,500 maana yake kilo moja ni zaidi ya laki na ishirini na tatu elfu. Mama anakaa Mbagala, kando ya barabara ya Kilwa, barabara ile ile inayokwenda Mkuranga na kuendelea hadi Lindi na Mtwara. Mikorosho iko njiani! Nimenunua kilo ya korosho zilizokaangwa, nzima nzima, kwa 28,000 mwezi huu huu, tena muuzaji kaniongeza za kuonja. Hizi za supamaketi zimetoka huko huko Kusini, zikapita mbele ya mlango wa Mama kwenda Masaki, zikatiwa kwenye kioo chenye kifuniko cha dhahabu, halafu sisi watoto wake tukazirudisha Mbagala kwa bodaboda kwa bei mara nne na ushee.

Viungo ni hadithi ile ile. Karafuu za Zanzibar, iliki na pilipili manga za milima ya Muheza, vyote vya hapa. Lakini kwenye kile kichupa mdalasini ulikuwa umeshasagwa, nikafungua nikanusa: vumbi. Ukienda Kariakoo kwa wale wauza viungo unavunja kipande cha gome, unanusa, kama hakina harufu unahamia meza ya pili. Ya kwenye kichupa utanusa ukishalipa.

Sasa kuku. Shikeni viti.

Kwanza maelekezo kwenye pakiti: oka kwenye oveni nyuzi 180. Mama ana jiko la gesi la plate mbili na jiko la mkaa. Hakuna mtu kwenye grupu zima aliyefikiria hilo. Ikaamuliwa akatwe, aingie kwenye pilau. Pakiti imeandikwa kilo 2. Nikamwacha ayeyuke usiku kucha ndani ya beseni chini kwenye friji, asubuhi nikakuta beseni lina maji ya waridi yanayonuka kitunguu saumu cha unga. Nikamkung'uta, nikamweka kwenye mzani wa jikoni: kilo moja na gramu 640. Gramu 360 zimebaki kwenye beseni. Kwa bei yao hayo ni maji ya shilingi 8,280. Kwa hela hiyo DAWASA wanakupa maji ya familia kuoga wiki nzima.

Na hata hapo hakuisha kutoa maji. Nimekaanga kitunguu vizuri, kimeanza kuwa kahawia ile ya pilau, nikatia vipande vya kuku, sufuria ikajaa maji. Kitunguu badala ya kukaangika kikaanza kuchemka. Anayepika pilau anajua nazungumzia msiba gani. Ilibidi niongeze moto, nikaushe, nyama ikaanza kumeguka kabla mchele haujaingia. Kuku hunywa maji anapopozwa kwenye maji ya baridi baada ya kuchinjwa, na akichomwa sindano za maji ya chumvi ndiyo anayashika kabisa hadi ayeyuke jikoni kwako. Mwambieni mnunuzi basi! Andikeni kwenye lebo kwa herufi zinazosomeka kwamba ndani kuna maji kiasi hiki, mtu achague mwenyewe.

Halafu jambo la VAT wengi hawaliangalii kwenye risiti. Nyama mbichi, mboga na matunda ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT. Vikishasindikwa na kupambwa, hesabu inabadilika, unamlipa mwenye duka na unailipa serikali, yote kwa sababu ya ule unga wa kitunguu saumu.

Msije mkasema namchukia mwenye supamaketi. Biashara yao ngumu, tumeona Shoprite waliuza maduka yao hapa mwaka 2014, wale wa supamaketi ya Uchumi wakafunga mwaka uliofuata, na Nakumatt walionunua ya Shoprite nao hawapo. Na siagi nzuri, jibini, maziwa ya mtindi yaliyokaa kwenye baridi inayoeleweka, hivyo nanunua supamaketi na sitegemei kuvipata Tandale. Hata soko lina wezi wake: Desemba kuku wa Shekilango anapanda bei ukimtazama tu, nyanya zinapangwa nzuri juu mbovu chini, na "mchele wa Kyela" mwingine haujawahi kuiona Mbeya. Lakini sokoni mimi na muuzaji tunatazamana. Nashika kuku, nambinya kifua, napuliza manyoya nione ngozi, tunavutana, naondoka, ananiita. Kapu la nailoni hulishiki, hulipimi na hulifungui. Hakuna orodha ya vilivyomo wala uzito wake, kuna bei na tabasamu la dada wa kaunta. Huko kuficha ndiko kunakoniuma. Ingekuwa ni ughali peke yake nisingefungua uzi.

Na ndugu zangu Waislamu msicheke, zamu yenu ipo. Mwezi wa Ramadhani kapu ni hilo hilo, wanatoa juisi ya zabibu wanaweka tende kwenye boksi lenye dirisha, na picha ya mwezi mwandamo.

Kilichofuata: nilirudi na risiti na picha za mzani. Meneja zamu akanisikiliza vizuri tu, akasema kapu likishafunguliwa halirudishwi. Nikamuuliza ningejuaje bila kulifungua? Akasema hizo ndizo taratibu. Kuhusu kuku akasema "kupungua ni kawaida". Kama ni kawaida kwa nini bei haipungui?

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu. Wakala wa Vipimo ndio wanaohusika na uzito wa bidhaa zilizofungashwa, TBS (shirika la viwango) ndio wenye chakula tangu walipokabidhiwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), na FCC (tume ya ushindani) wana Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Kuna mtu humu amewahi kupeleka lalamiko la namna hii akapata majibu? Nianzie wapi? Pakiti ninayo, lebo ninayo, risiti ya EFD ninayo, picha ya mzani ninayo. Yale maji sikuyaweka, nilimwaga.

NYONGEZA: Naona mmejaa. Nawajibu kwa haraka.

Anayesema "zawadi haihesabiwi bei": sawa, ila hela ya mchango inahesabiwa. Kuna mdogo wetu anaendesha bodaboda, alitoa elfu arobaini kwenye ile hela. Ni siku ngapi za jua hizo? Kamwambie yeye kwamba haihesabiwi.

Anayesema Mama alifurahi kupigwa picha na kapu: ni kweli, alifurahi, picha ipo kwenye statasi za ukoo mzima. Tarehe 27 akanipigia simu kuuliza kama naweza kumtumia hela ya mafuta ya kupikia.

Aliyeuliza kama biskuti zilikuwa nzuri: nzuri sana. Zimeisha, mkebe sasa una sindano na nyuzi.

Wanaosema niache makasiriko, mjini shule: ada yenyewe ndiyo hiyo nimeshalipa, niacheni nisome kwa sauti.

Wale wa PM mnaotaka namba ya muuza korosho, sitoi namba ya mtu mtandaoni. Nendeni barabara ya Kilwa mkipita Kongowe, mtawaona wenyewe, na muonje kabla ya kulipa.

Na kwa mliouliza ya Pasaka: dada mkubwa amerudishiwa kitita. Wifi ameandika kwenye grupu kwamba yeye safari hii hatachanga.