Shangazi anakazwa ngozi ya uso na shingo mwezi ujao, mimi ndiye nitamuuguza. Nijiandae vipi?

BintiKizingo:
Salaam wakuu. Shangazi yangu ana miaka 58, anafanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso na shingo Nairobi mwezi ujao, kisha arudi Mombasa. Ana presha, humeza amlodipini 5 mg kila asubuhi. Hana sukari, havuti sigara, ila shisha huivuta kwenye shughuli. Hospitali atalala usiku mmoja tu, baada ya hapo tutakuwa wawili kwenye nyumba ya kupanga. Karatasi ya maelekezo waliyotupa ina mistari sita! Alale vipi, kidonda kioshwe na nini, na dalili gani nikiiona nisingoje kukuche? Halafu kuna harusi ya familia wiki ya 4. Ataweza kutokea?

NesiWaThieta:
Dada, kabla ya mito na supu, nunua mashine ya kupimia presha. Hatari kubwa ya mapema katika upasuaji huu ni damu kuvilia chini ya ngozi, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Ngozi imebanduliwa kutoka kwenye nyama, kuanzia mbele ya sikio mpaka shavuni na shingoni. Akiwa mezani, presha huwa imeshushwa na dawa za usingizi, na ganzi yenyewe huchanganywa na dawa ya kubana mishipa. Zikiisha nguvu, presha inapanda na mshipa uliokuwa kimya unafunguka.

Kwa hiyo daktari wa usingizi aambiwe habari za amlodipini mapema, na mumuulize kama aimeze asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji. Kwa kawaida haiachwi. Siku mbili za kwanza mpime kila saa 4. Namba ya juu ikivuka 140 na kubaki huko, piga simu. Usimwongezee kidonge kwa akili yako.

Presha inapandishwa na mambo ambayo watu hawayahesabu: kutapika, kukohoa, kujikamua chooni, hata kibofu kilichojaa. Akianza kuhangaika usiku, muulize kwanza kama ana haja ndogo. Omba dawa ya kuzuia kutapika kabla hamjaruhusiwa. Wakimwandikia tramadoli au kodeini (dawa kali za maumivu), omba na ya kulainisha choo, maana dawa hizo hufunga tumbo.

Dalili ya kutongoja kukuche: shavu MOJA au upande mmoja wa shingo unajaa ghafla, unakuwa mgumu na kukaza kama ngoma, na maumivu ya upande huo hayasikii parasetamoli. Upasuaji huu kwa kawaida huleta hisia ya kubanwa na uzito, si maumivu makali. Akimeza au kupumua kwa shida, usipige simu kuuliza, mpeleke. Damu hiyo ikiachwa huikandamiza ngozi kwa ndani, ngozi ikakosa damu yake na kufa. Ikiwahiwa, wanafungua nyuzi chache, wanaitoa, na kovu linabaki lilelile. Msiondoke hospitali bila namba inayopokelewa saa 8 usiku.

Kama ana mirija ya kutolea damu, andika mililita na rangi kila unapomwaga. Inatakiwa itoke nyekundu, iwe ya waridi, kisha manjano hafifu. Ikirudi nyekundu nzito, au mrija ukakauka ghafla huku shavu linajaa, hiyo pia ni ya kupiga simu. Mingi hutolewa baada ya siku moja au mbili.

Mshenga254:
Kuhusu kulala, kichwa kiwe juu ya kifua, mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, kwa wiki 2, chali. Kosa ninaloliona kila mara ni kurundika mito mitatu chini ya kichwa peke yake. Kidevu kinaingia kifuani, shingo inakunjika palepale iliposhonwa, na damu haipiti vizuri kwenye ngozi ya shingo. Mito ianzie kiunoni ipande kama mteremko, chini ya kichwa uwe mmoja mwembamba. Mmoja mmoja kila ubavu, asigeuke usingizini.

Madera ayaache Mombasa. Chochote kinachovaliwa kwa kupitisha kichwani kitamkwaruza masikio na kuvuta nyuzi. Mashati ya vifungo, au kanga mbili, zinatosha.

Kama anaswali, aswali ameketi kitini kwa wiki 2, mpaka daktari amruhusu kusujudu. Kuinamisha kichwa chini kunajaza uso damu. Ni sawa na kufua akiwa ameinama au kuokota ndala. Udhu na bandeji amuulize sheikh wake, lakini kwa upande wa kidonda, maji yasiguse mpaka bandeji ya kwanza itolewe.

Bibi_Karafuu:
Mbona mnamtisha mtoto wa watu. Amkande na kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni, ajifukize na majani ya mchaichai, ale kitunguu saumu kingi. Uvimbe siku tatu umekwisha.

Daktari_Mapumziko:
Bibi, kwa heshima zote, hapo hapana. Baada ya upasuaji huu mashavu na masikio hufa ganzi kwa wiki, pengine miezi, kwa sababu vijishipa vya fahamu vya ngozi vimekatwa wakati wa kuibandua. Maji ambayo mkono wako unayaona ya moto wa kawaida, shavu lake halitayasikia kabisa, na lengelenge utaliona baada ya ngozi kuungua. Kujifukiza vivyo hivyo, tena joto linatanua mishipa na kuongeza uvimbe. Mvuke na sauna vingoje wiki 6. Kikausha nywele kiwe kwenye hewa baridi tu. Barafu nayo ina hatari yake: isiguse ngozi moja kwa moja, na iwekwe tu pale daktari alipoonyesha. Kwa mwanamume ningeongeza wembe: atumie mashine ya umeme mpaka hisia zirudi.

Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vya saumu, mafuta ya samaki, ginseng na vitamini E kwa dozi kubwa hupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo viachwe wiki 2 kabla. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki pia, na hizi ndizo watu hununua duka la dawa bila kufikiri. Soma pakiti za dawa za mafua na kichwa, baadhi zina aspirini ndani. (Mwenye aspirini ya moyo asiiache bila daktari wa moyo.) Maumivu: parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24.

Shisha iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana vijishipa, na ngozi iliyobanduliwa inaishi kwa vijishipa hivyohivyo. Panapokufa kwanza ni nyuma ya sikio, ambako ngozi ni nyembamba na imevutwa zaidi. Utafiti wa Rees na wenzake wa 1984 uliwakuta wavutaji wana hatari ya kupoteza ngozi mara 12 kuliko wasiovuta. Ulikuwa wa sigara, lakini nikotini ya shisha ni ileile.

NesiWaThieta:
Kidonda sasa. Bandeji kubwa hutolewa saa 24 hadi 48. Baada ya hapo, mara mbili kwa siku, chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya chumvi ya hospitali, viringisha juu ya mshono mpaka magaga yalainike, kisha paka utando mwembamba wa marhamu mliyoandikiwa. Usisugue, usibandue. Magaga yakikauka na kuachwa, siku ya kutoa nyuzi inakuwa mateso. Spiriti na Dettol visikaribie pale. Nywele zioshwe siku ya 2 au ya 3 daktari akiruhusu, kwa shampuu ya watoto na maji vuguvugu, akiwa amesimama.

Nyuzi za mbele ya sikio hutoka siku ya 5 hadi 7. Za nyuma, na pini za kichwani, siku ya 10 hadi 14. Kwa hiyo pangeni nyumba ya Nairobi kwa wiki 2. Ndege msiiwazie kabla ya hapo, na SGR ni kukaa saa tano na zaidi. Ainuke atembee kila saa moja, damu isigande miguuni. Hata nyumbani, tangu jioni ya kwanza, atembee ndani dakika chache kila baada ya saa mbili awapo macho.

Chakula siku 4 au 5: uji, mtori, ndizi za kuponda, samaki wa kuchambuliwa. Chumvi kidogo. Mahindi ya kuchoma na miwa vingoje.

BintiKizingo:
Asanteni sana, nimeandika yote. Ngozi yake ni nyeusi na sikio lake moja lina kijikeloidi (kovu lililovimba) cha hereni. Na mdomo ukienda upande?

Daktari_Mapumziko:
Hiyo keloidi daktari aione na kuishika kabla ya kisu, si kuisikia baadaye. Huenda akabadilisha mpango. Kuanzia wiki ya 3, mshono ukishafunga kabisa, jeli au karatasi ya silikoni, saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 2 hadi 3. Kovu likianza kuwasha na kuinuka, asingoje likue. Sindano ya triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, hufanya kazi vizuri zaidi likiwa changa. Jua aliepuke, maana kovu bichi kwenye ngozi nyeusi hugeuka doa. Kama anatumia mkorogo, mwulize faraghani na daktari aambiwe. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, inayoilegeza ngozi na kuchelewesha kidonda.

Mdomo kwenda upande saa za kwanza mara nyingi ni ganzi tu. Ukibaki hivyo kesho yake, daktari ajue. Wengi hurudi sawa kwa wiki au miezi. Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 hadi ya 4, na michubuko hushuka shingoni mpaka kifuani. Hiyo ni damu inafuata mteremko, msiogope. Kuanzia siku ya 5, tazama wekundu, joto, usaha na homa. Na kama shavu linajaa maji hasa wakati wa kula, huenda tezi ya mate inavuja. Wampe miadi siku hiyohiyo.

Mshenga254:
Harusi ya wiki ya 4 atatokea, vipodozi vifunike rangi ya manjano ya michubuko iliyobaki. Asisuke kabla ya wiki 6, msuko unavuta mshono wa kichwani. Ndoo ya lita 20 asiinue kabla ya wiki 4. Ushungi ni sawa, mlaini, usibanwe kwa pini chini ya kidevu. Na meza ya shisha akae mbali nayo.

BintiKizingo:
Meza hiyo huwa yake. Nitakaa naye mimi.