Tupeane uzoefu: zawadi kwa wanafunzi wanaokula mboga na matunda

Mwalimu, Igoma
Ndugu zangu, shuleni kwetu chakula cha mchana ni makande siku tatu na ugali kwa dagaa siku mbili, na pembeni huwekwa mchicha au matembele, mboga ambazo kwa muda mrefu zilikuwa zikirudi jikoni karibu kama zilivyotoka. Muhula uliopita nilianza kutoa penseli kwa kila mwanafunzi aliyemaliza mboga siku tano mfululizo. Wiki ya kwanza sahani zilirudi tupu. Wiki ya tatu mpishi aliniita anionyeshe matembele yaliyofichwa nyuma ya ndoo za kunawia mikono. Kumbe nilikuwa nimewafundisha kusafisha sahani. Waliopitia njia hii walifanyaje?

Mama wa watoto watatu, Kirumba
Pole, mwalimu. Mimi nilikosea zaidi, kwani nilimwahidi binti yangu soda kila akila papai, na haukupita mwezi papai likawa nauli ya kuifikia soda. Niliacha. Sasa Jumamosi naenda naye sokoni achague mwenyewe tunda la wiki, na hilo hulila bila kubembelezwa, ingawa tumekwisha kula mapera wiki nne mfululizo.

Muuguzi, Sengerema
Mwalimu, usizitupe zawadi zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika katika shule za msingi 40 za jimbo la Utah, Marekani, uliwapa watoto tokeni ya senti 25 kila walipokula tunda au mboga wakati wa chakula cha mchana. Miezi 2 baada ya zawadi kukoma, waliopewa kwa wiki 5 walikuwa wameshika mazoea hayo kuliko waliopewa kwa wiki 3. Zawadi ilikuwa ndogo, na ilitolewa siku ileile mtoto alipokula; penseli yako ilimtaka asubiri siku tano, na kwa mtoto wa darasa la pili huo ni mwaka mzima.

Mwalimu, Igoma
Ahsante sana, dada. Nitatoa alama ndogo kila siku, mbele ya meza, kwa aliyeonja tu, kwa wiki tano. Mpishi naye ameniambia, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba watoto wangekula matembele tangu mwanzo kama shule ingenunua karanga za kuyaungia. Nimeliandika katika maombi ya kamati.