Mlioenda kwenye baridi na mume au mke, tupeni yale mambo madogo madogo

Kijana wa Kibokoni
Asalam aleikum wadau. Mimi na bi harusi wangu tunaenda Istanbul mwisho wa Januari, siku sita inshallah. Yeye hajatoka nje ya nchi, na mimi baridi yangu kubwa ilikuwa Nairobi mwezi wa saba nikalala na soksi. Watu wanatuambia ona msikiti huu, ingia soko lile, sawa hayo tutayaona. Mimi nataka yale madogo ambayo mpaka leo mkikaa mnakumbushana mnacheka. Halafu koti tununue huku ama huko? Maana saa hii kaskazi imeshika, jasho mpaka usiku, nikimwambia ajaribu koti ananiangalia kama mwenye wazimu.

Dada wa Majengo
Waleikum salaam kaka na hongereni. Koti ingia Kongowea kwa mitumba asubuhi na mapema. Mume wangu alipata moja refu la sufu, mfukoni tukakuta tiketi ya treni ya Kijerumani, basi safari nzima nikamwita Herr Fritz mpaka akawa anaitika.

Sisi kilichotufurahisha ni feri, na usicheke. Huyu mtu kila siku anavuka Likoni akilalamika, mikokoteni, kusukumana, jua la utosi. Kule tukavuka Eminönü kwenda Üsküdar, yani toka Ulaya mpaka Asia kwa muda wa kumaliza vikombe viwili vya chai, kile kikombe cha kioo chembamba kiunoni, nje membe wanafuata chombo watu wanawarushia vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Tulipofika akasema turudi. Tukarudi. Akasema tena. Mara nne wallahi, hatuna tunapokwenda! Ya tatu glavu yangu moja ikaruka baharini, tangu hapo mkono wangu wa kulia ukahamia mfukoni mwa koti lake.

Na saa, Uturuki saa zao ni sawa na zetu, hamna kubadilisha, lakini jua la Januari linachomoza saa mbili imepita. Sisi tumezoea alfajiri saa kumi na moja, tukaamka vilevile, giza, adhana haiji mpaka karibu saa moja. Tukakaa ndani ya blanketi tunapiga stori na biskuti za mfukoni, sijui lini tena tumeongea hivyo, nyumbani kuna watoto.

Theluji usiihesabie, haianguki kila siku. Yetu ilianguka usiku mmoja, akaniamsha "amka, nje kumemwagika unga". Akampigia mamake video, bi mkubwa yuko barazani anajipepea, badala ya kuangalia theluji akauliza mbona mtoto wa watu hana kofia 😂

Pwani Kabisa
Mnajisumbua na Uturuki. Mimi nilimpakia bibi yangu treni ya SGR pale Miritini, Nairobi tukashika matatu mpaka Nyahururu, mwezi wa saba. Pale ni mita 2,300 na zaidi juu ya bahari, wewe unayelala na feni utajua hujui. Maporomoko ya Thomson mita 74, tuliyaangalia dakika tano tukakimbilia supu. Asubuhi bibi akaona moshi unamtoka mdomoni, akashika kijiti anajifanya anavuta sigara, mwanamke mtu mzima swala tano! Leso alizobeba za kuvaa zote mbili tulijifunga mabegani. Na hela ilibaki.

Dada wa Majengo
@Pwani Kabisa hata hiyo tamu. Ila yeye tiketi ashakata, muache.
Kaka nimesahau, salep. Maziwa moto mazito kama uji, juu mdalasini, wanauza barabarani msimu wa baridi. Nunueni moja mgawane, mbili hammalizi.

Kijana wa Kibokoni
Nimewasomea wote, mke wangu anauliza hiyo feri ina mikokoteni ama haina. Koti amekubali, Jumamosi Kongowea, lakini anasema langu atachagua yeye, na anapima mifuko kwanza.