Nyanya na spirulina chini ya nailoni moja, Kisauni

Shamba_Kisauni:
Hamjambo wakulima. Nina grinihausi ndogo nyuma ya nyumba: upande mmoja nyanya, upande wa pili tangi la spirulina, yaani mwani mdogo wa kuliwa, kina chake kama shibiri. Fundi aliniambia joto la ndani litastawisha kila kitu. Sasa ni Februari, nyanya zimefika kwenye kamba za juu, maua tele, lakini kila asubuhi nayakuta chini, vikonyo vimekatika pale kwenye kifundo. Spirulina nayo niliianzisha majuzi, imepauka yaelekea manjano. Maji ni ya kisima. Niongeze mbolea?

Bi_Tangi:
Mbolea iweke kando, mwanangu. Nyanya hazina njaa, zina joto, na hasa la usiku. Usiku ukikaa kwenye nyuzi 24 na mchana ukapita 32, chavua hudhoofika, na kwa unyevu wetu huu hushikana isimwagike. Ua likikosa chavua, mti hulitupa. Kaskazi hii hata nje usiku ni joto, sembuse chini ya nailoni! Huko Limuru kwenye baridi wanafunga ubavu kuweka joto. Huku pwani tunataka paa la kuzuia mvua tu, ubavuni neti tupu, na tundu la kutolea joto pale juu kabisa. Nyanya zipande zije kutoa maua wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Kwa sasa tia bamia.

Spirulina ni kinyume. Maji ya nyuzi 35 hadi 37 ndiyo raha yake. Kilichoiunguza ni jua. Tangi likiwa jipya mwani ni haba, hakuna wa kumtilia mwenzake kivuli. Chukua kifuniko cheupe cha chupa, kigongomee mwisho wa kijiti, kizamishe taratibu. Kikipotea kwenye sentimita 2 au 3, vuna. Ukikiona mpaka 5, tandika neti ya kivuli saa nne hadi saa tisa, na ukoroge mara kwa mara ili walio juu washuke. Maji yasifike nyuzi 40.

Mkaazi_Mtwapa:
Bi, badala ya bekingi soda tunayotia kwenye maji ya spirulina, magadi hayafai? Ni rahisi, na flamingo wa Bogoria wanaila spirulina mumo humo kwenye magadi.

Bi_Tangi:
Flamingo hauzii watu unga, yakhe. Magadi yetu yana floraidi nyingi. Kanuni ya Zarrouk, mtafiti wa spirulina, ya mwaka 1966, ni gramu 16.8 za bekingi soda kwa lita. Wengi huweka pungufu. La muhimu pH, kile kipimo cha tindikali na alikali ya maji, isishuke chini ya 9.5, maana hapo mwani mwingine wa kijani huingia, mdogo mno, wapita kwenye kitambaa cha kuvunia. Na kisima cha kwetu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe: chokaa yake hutuama kama unga mweupe ikaondoka na fosfati, ambayo ni chakula cha mwani. Ukiuona huo unga, changanya na maji ya mvua.

Shamba_Kisauni:
Kifuniko nimekiona mpaka sentimita 6! Neti nishatandika. Nyanya ning'oe zote?

Bi_Tangi:
La. Acha mistari ya karibu na neti, utikise kamba mwendo wa saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, ili chavua imwagike. Za katikati ng'oa, na kamba usizitoe, utazitaka Mei.