Mtoto wa kwanza ana selimundu. Je, huyu wa tumboni nimpime?

Naombeni ushauri, kina mama. Naishi Kisumu, Manyatta, nina mimba ya wiki 12. Kifungua mimba wangu ana selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ilianza akiwa na miezi minane: vidole vikavimba kama ndizi za kisukari, analia hata ukimgusa na leso. Tulipopimwa ndipo tukajua mimi na baba yake sote tunabeba hiyo jeni, ile ile inayowakinga wengi wa huku ziwani dhidi ya malaria kali. Kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa na selimundu ni 1 kati ya 4.

Daktari amesema kuanzia wiki ya 15 wanaweza kuvuta maji ya uzazi kwa sindano wapime. Kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Mama mkwe, mtu wa kanisa kabisa, aliposikia aliweka kikombe chini akauliza, "Unataka kumkagua Mungu?" Kwao hata nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa. Baba watoto amenyamaza tu.

Sitaki kutoa mimba, hilo nimeshalisema. Nataka kujua nijipange mapema. Lakini kama sitabadilisha kitu, kwa nini nimhatarishe kwa sindano? Au nisubiri apimwe damu akishazaliwa, aanze dawa mapema? Mchungaji ameniambia niombe. Naomba kila usiku, na bado sijui.

Aliyepitia haya, ulizungumzaje na wakwe? Na hiyo sindano hufanywa hapa Kisumu au mpaka Nairobi? Wiki zinakwenda.