Naomba ushauri: protini kwa mdogo wangu aliyeacha pombe

Ndugu zangu, mdogo wangu wa kiume ametimiza miezi mitatu tangu aache pombe, na kwa kuwa kwa miaka mingi alikunywa badala ya kula, amebaki na misuli iliyonywea na hasira za karibu. Nimesoma kwamba ubongo hutengeneza dopamini (kemikali inayohusika na hamu na raha) kutokana na asidi amino, yaani kijenzi cha protini, iitwayo tairosini, na serotonini (kemikali inayohusika na utulivu wa hisia) kutokana na asidi amino nyingine, triptofani, ambazo zote hupatikana katika vyakula vya protini. Lakini triptofani hushindana na asidi amino nyingine, ambazo pia zimo kwenye nyama, kuingia ubongoni, kwa hiyo sidhani kwamba kumlundikia nyama tu kutamtuliza.

Kiwango cha protini kinachopendekezwa kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 48 kwa mwenye kilo 60 kama yeye. Je, anayejijenga upya anahitaji zaidi, na ini lililochoshwa na pombe litahimili? Yeye anataka unga wa protini wa wanamichezo (matangazo yamemkolea). Mimi naona mayai, samaki na maharage vingetosha. Aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hii, au mtaalamu wa lishe, anishauri tuanze na vipimo gani.